Msindikizaji wa Saa za Mwisho

Mtu anapokaribia kukata roho, pumzi zake hubadilika. Huvuta kwa kasi na kwa kina, kisha zinafifia, kisha zinakatika kwa sekunde kadhaa hadi waliomzunguka wanatazamana; halafu zinaanza upya. John Cheyne na William Stokes, madaktari waliofanya kazi Dublin, waliueleza mwenendo huo katika karne ya 19. Miguu hupoa kwa sababu damu inabaki kwenye viungo vya ndani. Vitabu vingi husema magoti hupata mabaka ya zambarau, lakini kwenye ngozi nyeusi mabaka hayo hayaonekani kirahisi; hivyo gusa nyayo.

Koo nalo hukoroma. Ni mate na makohozi ambayo mgonjwa hana tena nguvu ya kuyameza, na mara nyingi kumlaza ubavu kunatosha. Majumbani mwetu, hata hivyo, saa hiyo ndiyo watu huhangaika kumnywesha uji kwa kijiko, kwa mapenzi matupu, wakidhani njaa ndiyo inayommaliza. Mwili unaozimika hauhitaji uji, na uji huo unaweza kumpalia. Kinachomfaa ni kitambaa safi kilicholowa maji, apanguswe midomo na ulimi pole pole.

Na aongeleshwe. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipima umeme wa ubongo wa wagonjwa wa hospisi, mahali pa kuwatunza wanaokaribia kufa, waliokuwa hawaitikii tena. Baadhi yao walionyesha kwamba ubongo bado ulikuwa unapokea sauti, karibu kama wa vijana wenye afya. Kwa hiyo anayemlakinia mgonjwa shahada, au anayemwimbia wimbo wa kanisani, huenda anasikiwa.

Msindikizaji, yaani mtu wa kuijulisha familia mambo haya na kukaa nayo usiku kucha bila kuingiwa na hofu, anahitajika kama mkunga anavyohitajika kwenye uzazi. Marekani kazi hiyo imekuwa taaluma: mwaka 2003 Henry Fersko-Weiss, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, alianza kuwafunza watu wa kujitolea katika hospisi moja ya New York. Hawatoi dawa wala hawapimi. Wanakaa, wanasikiliza, wanaeleza.

Kwetu wa kukaa na mgonjwa hawakosekani. Shangazi atakuja, majirani watakuja, shehe au katekista atakuja. Tunachokosa ni mtu wa kukaa aliyeunganishwa na dawa ya maumivu, na ndiyo maana nasema anayetafuta msindikizaji Afrika Mashariki aanzie kwenye tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Mkono ulioshikwa ni faraja kubwa, lakini haushindi maumivu ya saratani iliyofika kwenye mifupa.

Uganda ilionyesha njia. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na morfini, dawa kali ya maumivu, ikatengenezwa humo humo nchini: unga, maji, kihifadhi, na rangi ya kutofautisha ukali wa dawa. Mgonjwa anakunywa akiwa nyumbani, kila baada ya saa nne. Dozi ya kulalia huongezwa maradufu ili asiamshwe na maumivu usiku. Morfini hufunga choo, hivyo mgonjwa hupewa na dawa ya kulainisha. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika morfini. Huo ulikuwa uamuzi wa maana sana, kwa sababu kijijini muuguzi yupo, daktari hayupo. Pamoja nao wako wajitoleaji wa jamii, watu wa mtaa ule ule, wanaowatembelea wagonjwa na kuwaita wauguzi hali inapobadilika.

Kenya, Nairobi Hospice imekuwapo tangu 1990. Tanzania, pa kuulizia ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au Hospitali ya Selian, Arusha. Kwingineko, uliza hospitali ya mkoa au kaunti kama ina kitengo cha tiba shufaa, na uulize mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kusema anataka kufia wapi na nani awe karibu naye.

Ukishampata mtu, muulize maswali ya kazi. Nani anaandika morfini, na inachukuliwa wapi ikiisha? Je, atakuja nyumbani? Simu ikipigwa saa nane za usiku, koo likikoroma, nani atapokea?