Unataka kutengeneza huduma ya kilimo ya simu? Anza na wazo moja



Siku hizi wengi hapa Sumbawanga mnaniuliza kuhusu kutengeneza programu ya simu ya kilimo. Nikiuliza itafanya nini, orodha inakuwa ndefu: bei za mahindi, hali ya hewa, magonjwa, mikopo, pembejeo, soko la maharage. Nia ni nzuri, ila hapo ndipo hela inapopotelea. Kila kitu kwenye orodha hiyo kinahitaji mtu wa kukusanya taarifa, na fundi naye anataka malipo kwa kila kipengele. Mvua za Novemba zinafika, hela ya mbolea imeishia kwenye programu ambayo haijakamilika.

Tujifunze kwa jirani. Kenya kuna huduma inaitwa iCow, iliyoanzishwa na Su Kahumbu na kuingia kazini mwaka 2011. Hakuanza na kilimo chote. Alianza na kalenda ya ng'ombe wa maziwa: mfugaji anasajili tarehe ng'ombe alipopandishwa, kisha anapokea ujumbe mfupi wa kumwongoza hadi siku ya kuzaa. Mambo mengine yaliongezwa baadaye.

Kwa nini wazo lile lilifaa? Ng'ombe ambaye hajashika mimba hurudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi. Ukipitwa na siku hiyo, unamlisha wiki 3 nyingine bila faida. Yaani kusahau tarehe kuna hasara, na kukumbusha tarehe ni kazi ambayo hata simu ya kitochi inaiweza.

Sasa chukua orodha yako, pitisha kila wazo kwenye maswali haya:

1. Nani hasa ana shida hii? "Wakulima wote" siyo jibu. "Wanaolima mahindi ekari 2 hadi 5 Laela" ni jibu.
2. Shida hiyo inamgharimu nini? Kama hapotezi hela wala muda, hatalipia.
3. Taarifa utaipata wapi, kila siku? Bei za sokoni zinataka mtu aende sokoni. Tarehe ya kupanda anakupa mkulima mwenyewe, mara moja tu.
4. Je, inafanya kazi kwenye kitochi?

Mfano: kumkumbusha mkulima wa mahindi, kuanzia tarehe aliyopanda, lini apalilie, lini aweke mbolea ya kukuzia, lini akague viwavijeshi vamizi. Ni wazo moja, kwa mtu mmoja, na hasara ya kuchelewa inaonekana shambani.

Usimlipe fundi bado. Tafuta wakulima 10, andika tarehe zao kwenye daftari, watumie ujumbe kwa mkono wako mwezi mzima. Wafuate shambani uone kama waliufanyia kazi. Kisha waombe Sh 500 ya mwezi unaofuata. Wakilipa, una bidhaa. Wakikataa, umepoteza vocha tu, na hela ya mbolea bado ipo.

Mawazo mengine usiyatupe, yaandike pembeni. Ukipanda mbegu nyingi kwenye shimo moja, unapunguza miche ili uliobaki ubebe mahindi. La pili lianze pale la kwanza litakapojilipia.