UINJINIA MAKERERE: TUPIGE HESABU KABLA YA KUTOA PESA



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa S.6 yakitoka, wanachama wetu wa viwandani na mashambani hutuuliza swali moja: "Mtoto wangu amepasi. Je, atapata uinjinia Makerere?" Wengine huuliza wakiwa wamekwisha kuuza ng'ombe au kukopa katika chama cha akiba. Wengine wamekwisha kumpa pesa mtu anayejidai kujuana na wakubwa wa chuo. Tunaandika haya ili swali liulizwe mapema, na jibu litafutwe kwa kalamu, si kwa uvumi.

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, yenye wanafunzi 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika, yaani kazi za mikono kama zetu. Leo ni chuo kikuu, na uinjinia wa ujenzi, wa umeme na wa mitambo unagombewa sana. Kupasi peke yake hakutoshi. Mtoto lazima awe amepasi masomo yasiyopungua matano katika UCE, na masomo makuu yasiyopungua mawili katika UACE kwa mtihani wa mwaka mmoja. Huo ni mlango wa nje tu. Ndani, watu hupangwa kwa pointi.

Pointi zinahesabiwaje?

Kwanza, kila alama ya somo kuu la S.6 ina thamani yake: A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, O ni 1, na F ni sifuri.

Pili, masomo hayana uzito sawa. Kwa uinjinia, hesabu na fizikia ni masomo ya lazima, na kila moja huzidishwa kwa 3. Somo la tatu linalohusiana na kazi hiyo, kwa mfano kemia, huzidishwa kwa 2. General Paper na somo dogo la kompyuta, mtoto akipasi, humpa pointi 1 kila moja.

Tatu, UCE pia huhesabiwa. Kwa waliofanya mtihani huo kabla ya 2024, kila distinksheni ni 0.3, kila kredit ni 0.2, na kila pasi ni 0.1. Tangu 2024 UCE inatolewa kwa mtaala mpya wenye alama nyingine. Mzazi wa mtoto wa mtaala huo aulize chuoni jinsi alama hizo zinavyohesabiwa.

Nne, tangu 1990 msichana huongezewa pointi 1.5.

Tuchukue mfano. Msichana amepata hesabu B, fizikia C, kemia C. Amepasi General Paper na kompyuta. Katika UCE ana distinksheni 3 na kredit 5.

Hesabu: 5 mara 3 ni 15.
Fizikia: 4 mara 3 ni 12.
Kemia: 4 mara 2 ni 8.
Masomo madogo: 2.
UCE: 0.9 na 1.0, jumla 1.9.
Nyongeza ya msichana: 1.5.
Jumla yote: 40.4.

Angalieni jambo moja hapa. Watoto wawili wanaweza kuleta herufi zile zile na wasipate pointi sawa. Mmoja ana A ya hesabu, B ya fizikia na D ya kemia: anapata 39. Mwingine ana D ya hesabu, B ya fizikia na A ya kemia: anapata 36. Jirani atasema wamelingana, lakini chuo hakitasema hivyo. Kwa hiyo anayetaka uinjinia aanze kutia nguvu katika hesabu na fizikia tangu S.5.

Mkishapata jumla, ilinganisheni na pointi za mtu wa mwisho aliyeingia miaka iliyopita katika somo hilo hilo. Chuo hutangaza pointi hizo. Hubadilika kila mwaka, maana zinategemea wangapi wameomba na wamefaulu vipi. Mtoto akizipita kwa mbali, ana tumaini zuri. Akiwa karibu nazo, aombe, lakini aweke na chaguo jingine. Akiwa chini sana, msiuze kiwanja kwa kutegemea bahati.

Kumbukeni pia kwamba foleni ni mbili: ya wanaolipiwa na serikali, na ya wanaojilipia. Kila moja ina pointi zake. Nafasi nyingi za serikali hutolewa kwa ushindani wa nchi nzima, na nyingine zimegawiwa wilaya. Kwa hiyo msisahau kuuliza habari za wilaya yenu.

Akikosa Makerere, njia haijafungwa. Kyambogo, iliyofanywa chuo kikuu mwaka 2003, na Busitema, iliyoanzishwa 2007, zote hufundisha uinjinia. Viko pia vyuo vya ufundi kama Elgon na Kichwamba: mtoto husoma diploma, na akifaulu vizuri anaweza kuomba chuo kikuu kwa diploma hiyo. Tangu 2014 kuna bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Mkopo wake hulipa ada, si chakula wala chumba. Hayo mzazi ayapangie mapema. Na ni deni, litalipwa.

Wengi wetu tuliishia shule ya msingi. Lakini mtu anayejua kilo zake za majani ya chai jioni, na kugundua karani akimpunja, hawezi kushindwa na hesabu hii. Leteni karatasi za matokeo kwa mwakilishi wa chama kazini kwenu, tuketi tuhesabu pamoja. Na yeyote atakayewaambia anauza nafasi ya chuo, mwulizeni kwanza: mtoto wetu ana pointi ngapi?