Kenneth Aliuziwa Boli, Akapewa Mjengo

Manze, kama unangoja filamu ya msee anatoka vumbini, anafunga bao dakika ya 90 na kuomoka, The Workers Cup itakuchoma. Adam Sobel aliitoa 2017, na si maigizo, ni watu wa ukweli. Qatar walikuwa wanajenga viwanja za Kombe la Dunia la 2022, sasa makampuni 24 zikaunda timu, wasee wa mjengo wanaoishi kambini wakaingizwa tonamenti. Kenneth, chali wa Ghana, ndio kapteni wa timu moja. Ejenti alikuwa amemchocha anaenda kusakata boli ya doh. Kufika ground, akapewa helmeti. Hata jezi akivaa, ni ya kampuni ya mjengo, na kesho asubuhi ako saiti kama kawa. Kuna Mkenya pia, Paul. Huyo upweke unammaliza, juu kambi ni machali tupu.

Hizi vitu si za Ghana pekee. Shuka Kimbo, Ruiru, ucheki vile flati zinamea. Yule mtu wa mkono anapandisha mawe hadi ghorofa ya nne, jioni anakung'uta simiti kwa nywele, anatoa njumu kwa bag, anageuka namba 10. Mechi ikiisha anawekewa fare ya mat. Siku zingine ni soda tu. Ejenti feki hamuwindi msee wa klabu kubwa kama Gor Mahia. Anawinda huyu.

Thika kidogo kuna afueni: Bidco United waliingia ligi kuu 2020, na kitambo Thika United walikuwa na kampuni ya maziwa ya Brookside nyuma yao. Lakini mshahara wa boli hapa unategemea sponsa, na sponsa huishia. SportPesa, sponsa wa Gor, walijitoa 2019, na wachezaji wa Gor, mabingwa wazima, wakakaa miezi bila ganji. Agosti 2025 kwa CHAN, Rais Ruto aliahidi kila mchezaji wa timu ya taifa mita moja kwa kila ushindi. Tamu, sikatai, lakini landlord wa Ruiru hangoji CHAN.

Sasa ukiambiwa kuna trayo Gulf na ulipe kwanza, shtuka buda. Ejenti wa ukweli ako na leseni ya FIFA. Mkataba unataja klabu, ganji na miaka. Visa ikiwa ya kibarua, hiyo safari si ya boli. Na mathe akianza kutafuta mnunuzi wa shamba ya ocha ndio upande ndege, mwekee hii filamu kwanza.