Mbinu za Kuhamisha Ngozi katika Tiba ya Sainasi ya Pilonidali: Mazingira ya Kibondo na Kasulu

Sainasi ya pilonidali ni kijishimo cha usaha karibu na kifandugu, ambamo nywele zilizokatika hupenya ngozi. Huwapata zaidi vijana wa kiume. Kuikata na kuacha kidonda wazi ni rahisi kwa mpasuaji tu: kwa mkulima wa Kibondo au Kasulu anayeishi mbali na hospitali ya wilaya, majuma ya kusafishwa kidonda ni mzigo mzito kuliko upasuaji wenyewe. Kushona katikati ya mfereji wa matako nako huacha mshono penye jasho na msuguano, na mara nyingi ugonjwa hurejea.

Ndiyo sababu ngozi huhamishwa. Karydakis, mpasuaji wa jeshi la Ugiriki aliyechapisha matokeo yake mwaka 1973, alikata umbo la duaradufu upande mmoja, akavuta ngozi ili kovu likae kando. Mbinu ya Limberg huondoa eneo lenye umbo la rombasi na kuliziba kwa ngozi na mafuta ya tako. Mfereji husawazika, ila kovu huwa kubwa, na ncha yake ya chini ikibaki katikati huelekea kufumuka. Kwa kurejea kwa ugonjwa, mbinu hizi hazitofautiani sana. Katika hospitali ya wilaya, mwandishi anaipendelea ya Karydakis, iliyo nyepesi kufundishika. Ya Limberg iwekwe kwa ajili ya sainasi pana au iliyokwisha kurejea.