Kasi Peke Yake Haitoshi: Mbio Fupi za Baiskeli Tukizitazama Kutoka Kigoma

Septemba 2019, mjini Cochabamba, Bolivia, kijana wa Trinidad na Tobago aitwaye Nicholas Paul alipita mita 200 kwa baiskeli katika sekunde 9.100. Hakuna mwanamume aliyekuwa amewahi kufikia kasi hiyo, na rekodi yake ilidumu hadi Olimpiki ya Paris ya 2024. Hata hivyo, katika miaka yote hiyo Paul hakupata ubingwa wa dunia wa mbio fupi. Ulikwenda kwa Mholanzi Harrie Lavreysen, ambaye ameutwaa mara saba mfululizo, kuanzia 2019 hadi 2025. Inakuwaje mwenye kasi kuliko wote asiwe bingwa? Jibu lake linatuhusu sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako baiskeli ni chombo cha kazi na miguu yenye nguvu si jambo geni.

Tuanze na uwanja. Velodromu ni njia ya duara iliyorefuka, ambayo katika mashindano makubwa ina mita 250 kwa mzunguko. Sakafu yake ni ya mbao, na kona zimeinuka kwa nyuzi 42 au zaidi. Baiskeli zinazotumika hazina breki wala gia za kubadilisha. Pedali zimefungamana na gurudumu la nyuma, kwa hiyo gurudumu likizunguka, miguu nayo lazima izunguke. Kwanza kila mshindani hupita peke yake mita 200 akiwa tayari amechanganya mwendo, na muda wake ndio unaoamua nani anaendelea na nani atakutana na nani. Kuanzia hapo saa huwekwa kando. Wanaingia wawili wawili, wanazunguka mara tatu, na wa kwanza kugusa mstari ndiye mshindi. Kuanzia robo fainali, mtu hana budi kumshinda mwenzake mara mbili.

Anayetazama kwa mara ya kwanza hushangaa kuona wanaume wenye mapaja kama magogo wakijikokota mzunguko mzima, wakichunguzana. Sababu ni hewa. Mtu akifika kilomita 60 au 70 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu zake huishia kuisukuma hewa iliyo mbele yake, na kuongeza kasi mara mbili kunadai nguvu karibu mara nane. Anayekaa nyuma anakingwa na mwili wa aliyetangulia. Mpanda baiskeli wa barabara ya Kasulu aliyewahi kujibanza nyuma ya lori anaijua nafuu hiyo, na anaijua hatari yake pia. Tena wa nyuma anamwona mwenzake wakati wote, ilhali wa mbele hana budi kugeuza shingo. Ndiyo maana kila mmoja humsukumia mwenzake kazi ya kuongoza, na wakati mwingine mtu husimamisha baiskeli kabisa bila kukanyaga chini. Kanuni zinamruhusu kusimama hivyo kwa sekunde 30 tu.

Jambo la pili ni mwinuko. Aliyepanda hadi ukingo wa juu wa kona yuko kiasi cha mita nne juu ya aliye chini. Tukiiweka hewa kando, hesabu ya fizikia inasema kwamba mtu anayekwenda kilomita 43 kwa saa akishuka mita nne atafika kilomita 53 hivi bila kuongeza nguvu yoyote. Hiyo ni akiba, na anayeitumia wakati mwenzake ametazama pembeni hupata urefu wa baiskeli moja au mbili bila jasho.

La tatu ni mwili wenyewe. Nguvu ya mlipuko iliyomo kwenye misuli hudumu sekunde chache, kumi hivi, kisha huanza kupungua. Ukiondoka mapema, utapitwa kabla ya mstari. Ukichelewa, njia itakuwa imefungwa. Zaidi ya hayo, ikishaanza kasi ya mwisho, aliyetangulia akiwa ndani ya mstari mwekundu uliochorwa upande wa chini wa njia hawezi kutoka ili amzibie mwenzake, na anayempita lazima azungukie nje, yaani asafiri umbali mrefu zaidi. Kuchagua nusu sekunde ya kuondoka ndiyo kiini cha mchezo huu. Paris ilituonyesha wazi: katika mchujo Matthew Richardson, wakati huo akiichezea Australia, alipata 9.091 na Lavreysen 9.088. Saa iliwatofautisha kwa sehemu tatu tu za elfu ya sekunde, lakini fainali yao iliisha kwa Lavreysen kushinda mbili bila. Mwaka uliofuata Richardson, akiwa sasa wa Uingereza, alishuka hadi 8.857 huko Konya, Uturuki, kasi inayozidi kilomita 81 kwa saa. Taji la dunia la mwaka huo bado lilibaki kwa Lavreysen.

Sasa turudi Kigoma. Nguvu ipo. Anayesimama juu ya pedali na mzigo kwenye keria, akipanda kutoka stesheni kwenda Mwanga au akihamisha dagaa kutoka Kibirizi, anaizoesha misuli kazi nzito siku baada ya siku. Hata hewa iko upande wetu. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kasulu ni juu zaidi, mahali ambapo hewa ni nyepesi na upinzani wake hupungua. Cochabamba iko mita 2,500 na Konya inapita 1,000, na si bahati kwamba rekodi za Paul na Richardson ziliwekwa huko.

Kinachokosekana ni mahali pa kujifunzia. Tanzania haina velodromu. Mashindano tuliyoyazoea Kanda ya Ziwa ni ya barabarani, ya kilomita nyingi, na hata mashindano ya dunia yaliyokuja Kigali Septemba 2025, yalikuwa ya barabarani, ya kwanza ya aina hiyo Afrika. Mchezo huo ni mzuri na unastahili kukuzwa, ila unachuja watu wa aina moja: wembamba, wenye pumzi ndefu. Kijana mnene wa misuli, aliyeumbwa kwa sekunde kumi za moto, ataachwa kwenye kilomita ya 40. Ataambiwa hafai, naye ataamini. Hiyo ndiyo hasara inayoniuma, kwa sababu hakuna anayeihesabu.

Wengine watasema haya ni ya mataifa tajiri na makubwa. Trinidad na Tobago ina watu milioni moja na nusu hivi, wakati Mkoa wa Kigoma peke yake ulikuwa na zaidi ya milioni 2.4 katika sensa ya 2022. Wao walikuwa na njia ya baiskeli ya zege, isiyo na paa, mjini Arima, muda mrefu kabla ya kujenga velodromu ya ndani huko Couva. Roger Gibbon wao alishinda mbio fupi katika Michezo ya Pan-Amerika mwaka 1967, nusu karne kabla ya rekodi ya Paul. Mahali palipodumu, na wakubwa waliowafundisha wadogo, ndivyo vilivyowafikisha huko.

Kwetu pia hatua ya kwanza haihitaji mbao wala paa. Njia ya zege ya mita 333 au 400, yenye kona za mwinuko wa wastani, inavumilia mvua za masika na inaweza kuzunguka uwanja wa mpira wa shule. Kabla hata ya zege, mita 200 zilizopimwa kwenye barabara tambarare iliyofungwa asubuhi, kwa vijana wawili wawili na mwamuzi mmoja, zinatosha kufundisha kujificha nyuma ya mwenzako, kumtazama, na kusubiri. Chama cha Mchezo wa Baiskeli Tanzania na maofisa michezo wa mkoa wanaweza kulianza hilo bila kusubiri bajeti kubwa. Kona zilizoinuka zitafuata, kwa sababu akili ya mwinuko haifundishiki kwenye tambarare. Tukifanya hivyo, kijana wa Ujiji aliyeumbwa kwa mbio fupi atapimwa kwa mchezo ulio wake.