Msawazo na Kumbukumbu: Mafunzo ya Atomi za Baridi Kuu

1. Swali lenyewe

Chai ya moto ikiachwa mezani hupoa hata joto lake likalingana na la hewa ya chumbani. Hali hiyo ya mwisho twaiita msawazo. Msomaji asiuchanganye msawazo na utulivu: ndani ya chai iliyopoa chembe zingali zakimbia, ila nishati imekwisha kugawanyika kati yao. Chai hiyo haisimulii tena ilikotoka. Anayeigusa hawezi kujua kama hapo awali ilichemka au ilikuwa vuguvugu tu. Kufikia msawazo, basi, ni kusahau. Je, kila kundi la chembe ni lazima lisahau? Makala hii yakusudia kueleza jibu lililopatikana katika fizikia ya kwanta.

2. Njia ya kuchunguza

Katika hewa ya kawaida atomi hugongana upesi mno, nazo haziachwi peke yake. Mwaka 1995, huko Boulder, Marekani, Eric Cornell na Carl Wieman walipoza atomi za rubidi hadi karibu sehemu 170 za bilioni moja ya kelvini juu ya sifuri halisi. Katika baridi hiyo atomi huenda polepole, nazo huweza kushikiliwa ndani ya ombwe kwa sumaku au mwanga wa leza, pasipo kugusa ukuta wowote. Hivyo mtafiti aweza kuzivuruga kwa makusudi, kisha akafuatilia yanayotokea.

3. Jaribio la 2006

Toshiya Kinoshita, Trevor Wenger na David Weiss wa Pennsylvania State University walitumia leza kuunda mirija myembamba ya mwanga, kila mmoja ukiwa na atomi 40 hadi 250 za rubidi. Humo atomi zilibakiwa na mwendo wa mbele na nyuma tu. Kwa mapigo ya leza walizigawa makundi mawili yaliyokwenda pande mbili, yakarudi, yakakutana katikati, tena na tena. Mahali penye nafasi ya pande zote, migongano michache ingetosha kuleta msawazo. Katika mirija hiyo, hata baada ya maelfu ya migongano, msawazo haukuonekana.

4. Sababu

Tuwaze matarishi wawili wanaokutana katika njia nyembamba, wakabadilishana mizigo, kila mmoja akarudi alikotoka. Mizigo yaendelea na safari kana kwamba hakuna waliokutana. Atomi mbili zinazofanana zikigongana katika mstari mmoja hufanya vivyo hivyo: hubadilishana kasi, bali kasi zenyewe hubaki zilezile. Hesabu ya atomi nyingi za namna hiyo ilikuwa imekwisha kutolewa na Elliott Lieb na Werner Liniger mwaka 1963. Yatokana nayo kwamba si nishati peke yake inayohifadhiwa, bali mambo mengi mengine pia.

5. Hitimisho

Mwaka 2018, kundi la Benjamin Lev huko Stanford lilitumia disprosi, ambayo atomi zake ni sumaku zenye nguvu. Kuvutana na kusukumana kwa mbali kuliharibu utaratibu ule, na msawazo ukajitokeza. Twajifunza kwamba kusahau si amri iliyo juu ya vitu vyote. Kwahitaji njia ya kupitia. Anayetaka kujenga mashine za kukokotoa za kwanta, ambazo hazina budi kutunza kumbukumbu zake, sharti aijue njia hiyo ili aizibe.