Jinsi ya kupunguza kelele katika podikasti ya nyumbani bila kuharibu sauti ya msimulizi

SIMU ya mkononi na maikrofoni ndogo sasa vinatosha kumwezesha mkazi yeyote wa Diani, Msambweni au Vanga kurekodi kipindi chumbani mwake na kukisambaza kote duniani bila kupitia kituo chochote cha redio.

Vipindi hivyo, vinavyojulikana kama podikasti, husikilizwa kwa intaneti wakati wowote msikilizaji anapotaka. Tatizo ni kwamba pwani ya Kwale ina kila kitu isipokuwa ukimya. Bahari huvuma usiku na mchana, minazi hupepea, kunguru hugombana juu ya paa, mbega huruka kutoka mti hadi kwenye mabati, na bodaboda hazina saa ya kulala.

Kwa kipindi cha porojo za kandanda, kelele hiyo ni kero ndogo tu, kwani kipindi kinaweza kurekodiwa upya kesho. Mambo ni tofauti pale anayezungumza ni mzee wa miaka 80 anayesimulia asili ya ukoo wake, dawa za mitishamba au miiko ya kaya. Huenda akasimulia mara moja tu.

Misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda, Kaya Kinondo iliyo kusini mwa Diani ikiwemo, iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2008. Mwaka uliofuata, UNESCO iliziweka mila na desturi zinazoambatana na kaya hizo katika orodha nyingine, ile ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Sehemu kubwa ya elimu hiyo haimo vitabuni bali vinywani mwa wazee, na kwa hivyo ubora wa rekodi si suala la urembo.

Kosa linalofanywa na wengi ni kurekodi ovyo kwa kuamini kwamba kompyuta itasafisha baadaye. Kompyuta husafisha kweli, lakini haijui tofauti ya uchafu na nguo.

Programu kama Audacity, ambayo hutolewa bure, huonyeshwa kwanza sampuli ya kelele tupu, yaani sekunde kadhaa ambazo hakuna anayezungumza. Huipima sampuli hiyo katika kila ngazi ya masafa, kutoka miungurumo ya chini hadi mivumo ya juu, kisha hupunguza katika rekodi nzima kila kisichozidi kiwango hicho. Mbinu za jamii hii zina umri wake. Steven Boll wa Marekani aliieleza mojawapo katika makala ya kisayansi mwaka 1979.

Mbinu hiyo hufaulu pale kelele inapokuwa ya namna moja tangu mwanzo hadi mwisho. Feni na friji ni mifano mizuri, kwa sababu mvumo wao wa dakika ya kwanza ndio ule ule wa dakika ya 40. Bahari haina tabia hiyo. Wimbi huinuka, huvunjika, hutambaa mchangani na kunyamaza, kisha jingine hufuata likiwa kubwa au dogo kuliko lile. Sampuli iliyochukuliwa wimbi moja likirudi haifai kwa wimbi linalokuja.

Kuna ubaya mwingine uliojificha zaidi. Herufi kama s, sh, f na th, zikitamkwa, ni pumzi inayopita katika mwanya mwembamba kinywani. Kwa kipimo cha mashine, pumzi hiyo inafanana mno na povu linalomwagika ufukweni au makuti yanayosuguana kwa upepo, maana zote hutawanyika katika masafa ya juu, zaidi ya hezi 4,000. Programu inapoamriwa kuifuta bahari yote, hufuta pia ncha za maneno. Msimulizi husikika kana kwamba anazungumza kutoka ndani ya mtungi, na nyuma yake hubaki milio midogo midogo kama ya njuga.

Chidigo huathirika zaidi kwa hili. Lugha hiyo ina sauti ts na dz, kama katika maneno tsano, yaani tano, na dzuwa, yaani jua. Ina pia ile sauti laini ya midomo inayoandikwa ph, kama katika kuphiya, maana yake kwenda. Sauti hizi ni nyepesi na za muda mfupi, na ndizo za kwanza kukatwa. Kijana atakayesikiliza rekodi baada ya miaka 30, ambaye huenda hakulelewa katika Chidigo, hatakuwa na njia ya kujua kama bibi yake alitamka hivyo au ni mashine iliyomla maneno. Hatari hiyo hiyo inazikabili lahaja za Kivumba na Kichifundi zinazozungumzwa upande wa Vanga, Wasini na Shimoni.

Kwa hivyo kazi kubwa ya kupunguza kelele hufanyika kabla ya kitufe cha kurekodi kubonyezwa, na mtu wa kwanza wa kuombwa ushauri si fundi wa mitambo bali mvuvi.

Diani imekingwa na mwamba ulio mbali kidogo na ufuko. Maji yakipwa, mawimbi huvunjikia huko mwambani na ndani hubaki kama bwawa. Maji yakijaa, mawimbi huupita mwamba na kuja kuvunjika karibu na nyumba. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufikia takriban mita 4, na ndipo tofauti ya kelele nayo inapokuwa kubwa. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Saa iliyokuwa tulivu Jumatatu haitakuwa tulivu Ijumaa.

Upepo nao una majira yake. Kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka, hasa Juni hadi Agosti, na kaskazi hushika kuanzia Desemba hadi Machi. Katika majira yote mawili, upepo wa baharini huongezeka kadiri jua linavyopanda, na alasiri ndiyo mbaya zaidi. Alfajiri na asubuhi mapema kwa kawaida huwa na utulivu. Ni kweli kuna majogoo, lakini jogoo huwika na kunyamaza.

Wakati wa adhana ni bora kunyamaza na kungoja. Mbali na heshima, sauti ya kipaza sauti cha msikiti haiondoki kwa mbinu yoyote bila kuondoka na sehemu ya mazungumzo, kwa kuwa nayo ni sauti ya binadamu.

Mvua ya masika juu ya mabati haina tiba. Rekodi iahirishwe.

Suala la nyumba linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu kuta huleta adui wa pili ambaye ni mwangwi. Chumba cha matofali, sakafu ya saruji na dari ya mabati hurudisha kila neno mara nyingi kabla halijafa, na marudio hayo hujichanganya na neno linalofuata. Mwangwi ni mgumu kuondolewa kuliko mvumo wa feni, maana umetengenezwa kwa sauti ya msimulizi mwenyewe. Nyumba ya makuti ina nafuu, kwani makuti hunywa sauti badala ya kuirudisha, ila huruhusu kelele za nje kuingia kwa urahisi.

Wengi hutundika leso ukutani wakidhani wamemaliza. Kitambaa kimoja chepesi hupunguza sauti za juu tu, na chumba hubaki na mngurumo. Trei za mayai, ambazo zimekuwa kama pambo la lazima katika studio za mitaani, hazisaidii kitu cha maana kwa sababu ni nyembamba mno. Kinachofanya kazi ni unene na uzito: godoro lililosimamishwa nyuma ya msimulizi, blanketi lililotundikwa mbali kidogo na ukuta, mkeka na zulia sakafuni, kabati la nguo lililoachwa wazi. Chumba cha kulala chenye vitu vingi ni bora kuliko sebule tupu yenye vigae vinavyong'aa.

Hata hivyo, hakuna godoro linaloshinda hatua ya kusogeza maikrofoni. Umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapopunguzwa kwa nusu, sauti ya msimulizi huongezeka kwa takriban desibeli 6 ilhali kelele ya mazingira hubaki palepale. Kutoka sentimita 80 hadi 20, faida ni takriban desibeli 12, na haikukata herufi hata moja.

Maikrofoni iwekwe kando kidogo ya mdomo, isielekezwe katikati, ili pumzi ya p na b isiipige, na ivishwe sponji. Ikiwa ni ya aina inayosikia upande mmoja, mgongo wake uelekezwe dirishani au baharini. Ile ndogo ya kubana nguoni inawafaa wazee wasiozoea kitu mbele ya uso, mradi ibanwe takriban shibiri moja chini ya kidevu na isisuguane na buibui, ushungi au mkufu.

Feni na friji vizimwe. Hapa busara inahitajika, kwani chumba cha Msambweni kilichofungwa madirisha bila feni mwezi Machi si mahali pa kumkalisha mzee kwa saa nzima. Irekodiwe dakika 10, kisha mlango ufunguliwe, feni iwashwe, maji yanywewe. Mzee aliyechoka hufupisha habari, na hiyo ni hasara kubwa kuliko mvumo wowote. Ikiwa joto limezidi, afadhali feni ibaki ikizunguka taratibu mbali na maikrofoni, maana mvumo wake ni wa aina ambayo programu huimudu.

Simu au kompyuta itumie betri badala ya kuchomekwa, kwa sababu umeme wa Kenya una mapigo ya hezi 50 ambayo mara nyingi hupenya kwenye rekodi kama mvumo wa nyuki. Mtandao wa simu uzimwe. Kiwango cha sauti kiwekwe ili maneno makali yafike karibu na desibeli 12 chini ya kikomo, maana sauti iliyopasuka kwa kuzidi kipimo haishoneki. Mwishowe, kabla ya swali la kwanza, wote wanyamaze kwa sekunde 20 huku rekodi ikiendelea. Hiyo ndiyo sampuli ya kelele ambayo programu itaihitaji.

Ikifika zamu ya kompyuta, mkono uwe mwepesi. Kwanza, kila kilicho chini ya hezi 80 huweza kukatwa. Huko ndiko uliko mngurumo wa malori ya barabara ya Lunga Lunga na mtikisiko wa meza, na ni nadra sauti ya mtu kushuka hadi huko. Pili, kelele ipunguzwe kwa desibeli 6 hadi 10, isifutwe. Audacity ina nafasi ya kusikiliza kile tu kinachoondolewa. Ikiwa ndani ya takataka hizo husikika maneno, hata kwa mbali, kipimo kimezidi na kirudishwe chini. Kusawazisha sauti za chini na za juu hufuata baada ya hapo, kwani kukitangulia huinua kelele pamoja na maneno.

Wapo wanaopenda kuifunga sauti kabisa kila msimulizi anaponyamaza. Matokeo yake ni bahari inayotokea na kutoweka baada ya kila sentensi, na sikio huikamata zaidi kuliko ambavyo lingeikamata kama ingeachwa ivume kwa mbali. Wasikilizaji ni wavumilivu kuliko watayarishaji wanavyodhani. Santuri za Siti binti Saad, zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, zinasikilizwa hadi leo na mikwaruzo yake, na mpenzi wa taarabu hulalamika zaidi pale nakala iliyosafishwa kupita kiasi inapomnyang'anya makali ya sauti.

Tahadhari ya pekee inahitajika kwa zana mpya za akili unde, kama ile ambayo kampuni ya Adobe iliitoa kwa umma mwaka 2022. Hizi hazipunguzi kelele tu. Hukisia jinsi sauti ilivyopaswa kuwa na kuijenga upya. Kwa mazungumzo ya kawaida yaliyorekodiwa vizuri, matokeo hupendeza. Lakini zana iliyofunzwa kwa lugha nyingine, ikikutana na ts ya Kidigo iliyofunikwa na wimbi, huweza kuweka mahali pake sauti safi kabisa ambayo mzee hakuitamka. Kosa la namna hiyo halisikiki kama kosa.

Ndiyo maana rekodi ya asili haipaswi kuguswa. Ihifadhiwe katika muundo wa WAV usiobanwa, nakala mbili mahali tofauti, na usafishaji ufanywe juu ya nakala ya tatu. Isitumwe kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao huibana sana. Itumwe kama faili la hati. Ikiwa masimulizi yanahusu kaya, idhini ya wazee wa kaya iombwe kabla ya kurekodi na tena kabla ya kusambaza, kwa sababu si kila kinachosemwa barazani hukusudiwa kusikiwa na kila mtu.

Jina la msimulizi, kwa ridhaa yake, tarehe, mahali na lugha vitamkwe kwa mdomo mwanzoni mwa rekodi yenyewe, mara tu baada ya zile sekunde 20 za ukimya. Jina la faili hupotea likihamishwa kutoka simu hadi simu, lakini yaliyotamkwa ndani ya rekodi husafiri nayo.